Nani Atamshika Mkono? Watu Wenye Ulemavu na Haki Zao Katika Fiqhi

  

Katika miji yetu mingi, siku ya Ijumaa huwa kuna safu mbili. Ipo safu ya ndani, ya wenye kuswali, na ipo safu ya nje, kando ya mlango, ya vipofu, waliopooza na wenye miguu iliyopinda, ambao wanangojea watu watoke ili wapate chochote. Adhana wanaisikia, na khutba wanaisikia kwa vipaza sauti. Wengi wao ni Waislamu, lakini swala inapokimiwa wao hubaki walipo. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa haraka kwamba hao wana udhuru, na dini haina uzito.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini limetumiwa kufunga mlango ambao sheria ya Kiislamu imeuacha wazi. Katika makala haya tumekusudia kueleza maana ya udhuru wa mwenye ulemavu kama walivyoieleza wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki. Kisha tutaangalia hukumu hizo zinatutaka nini sisi tunaoishi katika mji kama Babati.

HALI YA BABATI NA NCHI KWA JUMLA

Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Ni mji wa njia panda: barabara ya Arusha, ya Dodoma na ya Singida zinakutana hapo. Waislamu wake ni mchanganyiko wa Warangi wenye asili ya Kondoa, Wagorowa, Wairaqw, Wambugwe na wafanyabiashara kutoka pande mbalimbali za nchi, nao wanaishi jirani na Wakristo na watu wa dini za asili.

Ulemavu haukuwapata wachache tu. Sensa ya watu na makazi ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika Tanzania, asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Maana yake ni kwamba katika kila watu tisa wa umri huo, mmoja hivi anahusika. Basi jamaa ya msikiti yenye watu mia mbili ambayo haina hata mmoja mwenye ulemavu ndani ya safu zake inapaswa kujiuliza watu hao wako wapi.

Ukanda huu una sababu yake ya ziada. Mkoa wa Manyara, pamoja na Arusha, Kilimanjaro na Singida, umo katika eneo la Bonde la Ufa ambalo miamba yake ya volkano huyatia maji madini ya floraidi. Tambarare za upande wa Ziwa Manyara, kwenye magadi na kwenye machimbo ya fosfeti ya Minjingu yaliyo katika Wilaya ya Babati, ni sehemu ya ukanda huo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Mtoto anayekunywa maji yaliyozidi sana kiwango hicho meno yake huota yakiwa na rangi ya kahawia. Ikiwa floraidi ni nyingi mno, mifupa huathirika, miguu ikapinda kwa matege au magoti yakagongana, na mtu mzima akakakamaa mgongo. Magadi yanayotiwa katika maharage ili yaive upesi nayo huongeza floraidi hiyo. Kuchemsha maji hakuiondoi, bali huizidisha kwa kuwa maji hupungua na floraidi hubaki.

Tumeyataja haya kwa sababu moja. Mtu mwenye matege aliyezaliwa katika ukanda huu amelemazwa na kisima cha kijiji chake, kisima ambacho majirani zake wote wamekunywa. Hakuna laana ya ukoo hapo wala dhambi ya mama.

ULEMAVU SI ALAMA YA GHADHABU

Wapo wanaoamini kwamba mtoto mwenye ulemavu ni adhabu kwa wazazi, na wengine humficha ndani ili wageni wasimwone. Itikadi hii haina msingi katika dini. Qur'an Tukufu inatueleza kwamba Nabii Yaaqub (A.S.) macho yake yaliingia weupe kwa huzuni (Sura Yusuf, aya ya 84), na kwamba Nabii Ayyub (A.S.) alipatwa na dhara mwilini. Nabii Musa (A.S.) alikuwa na fundo katika ulimi. Alipotumwa kwa Firauni alimwomba Mola wake amfungulie fundo hilo ili watu wafahamu maneno yake, na pia ampe ndugu yake Harun awe msaidizi wake (Sura Taha, aya ya 27 hadi 32). Tuzingatie hapa: Mwenyezi Mungu hakumwondoa Musa katika ujumbe kwa sababu ya ulimi mzito. Alimpa msaidizi, na ujumbe ukabaki kuwa wa Musa.

Tena katika Sura Al-Hajj, aya ya 46, tunafundishwa kwamba upofu wa kuogopwa ni wa nyoyo zilizomo vifuani. Na katika Sura Al-Hujurat, aya ya 13, kipimo cha ubora mbele ya Mwenyezi Mungu kimewekwa kuwa ni uchamungu.

Imani za kishirikina juu ya miili ya watu zimefika mbali zaidi nchini mwetu. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa sababu ya uongo wa waganga. Kumwendea mpiga ramli ni dhambi kubwa hata kama hakuna damu iliyomwagika. Itakuwaje basi ikiwa ramli yenyewe inaagiza kuua nafsi iliyoharamishwa?

UDHURU MAANA YAKE NINI?

Sasa tuje katika kiini cha maudhui. Qur'an imetaja mara mbili, katika Sura An-Nur, aya ya 61, na Sura Al-Fath, aya ya 17, kwamba hakuna lawama kwa kipofu, kwa kiguru wala kwa mgonjwa. Hii ni rukhsa, yaani wepesi. Lakini rukhsa ni haki ya mwenye udhuru mwenyewe. Akitaka ataitumia, na akiweza kutenda lililo bora zaidi atatenda. Jirani yake, mwanawe au imamu wake hana mamlaka ya kuitumia kwa niaba yake ili amzuie.

Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia), katika kitabu chake Minhaj at-Talibin, ambacho kimesomeshwa katika darsa za mwambao wetu kizazi baada ya kizazi, ameeleza nani anawajibika kuswali Ijumaa. Anasema kwamba kipofu anawajibika ikiwa atapata mtu wa kumwongoza. Na mzee dhaifu, pamoja na yule aliyelemaa viungo kwa maradhi ya kudumu, wanawajibika wakipata kipando, hata kama ni cha kukodi au kuazima, maadamu kukipanda hakuwaletei mashaka makubwa.

Tuitazame hukumu hii kwa makini. Hakusema kwamba kipofu hana Ijumaa kwa kuwa ni kipofu, wala kwamba aliyelemaa hana Ijumaa kwa kuwa miguu yake haifanyi kazi. Udhuru ameufungamanisha na kukosekana kwa mtu wa kushika mkono na kukosekana kwa kipando. Vikipatikana, udhuru unaondoka, na mtu huyo ni sawa na Mwislamu mwingine yeyote anayelazimika kuitika mwito wa Ijumaa.

Kutokana na hapo tunapata jambo zito. Kipofu anapobaki nje ya Ijumaa kwa kukosa wa kumwongoza, yeye hana dhambi. Lakini mji wenye vijana mia moja wanaopita mbele ya nyumba yake wakienda msikitini hauwezi kusema kwamba udhuru umo machoni mwake. Udhuru umo njiani, na njia ni ya watu wote. Kuondoa kinachodhuru njiani ni tanzu ya imani kama tulivyofundishwa katika Hadithi sahihi, na kumwonyesha kipofu njia kumehesabiwa kuwa ni sadaka. Ama anayempoteza njia kwa makusudi, amelaaniwa.

MASWAHABA WATATU

Mifano ya zama za Mtume (S.A.W.) inaufafanua msingi huu vizuri zaidi.

Wa kwanza ni Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.). Huyu ndiye kipofu ambaye kwa ajili yake iliteremka Sura Abasa, pale Mtume (S.A.W.) alipokuwa ameshughulika na wakubwa wa Makka, akaja yeye kutaka kuelimishwa. Aya zikateremka kuonyesha kwamba anayekuja mbio akitaka mwongozo ndiye mwenye haki ya kusikilizwa. Huko Madina alikuwa mwadhini pamoja na Bilal (R.A.), na Mtume (S.A.W.) alipokuwa akitoka kwenda vitani alimwachia zaidi ya mara moja kazi ya kuwaswalisha watu. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba kipofu mmoja, ambaye wanazuoni wamesema ndiye huyu, alieleza kuwa hana wa kumwongoza akaomba rukhsa ya kuswali nyumbani. Alipewa, kisha alipogeuka kuondoka akaitwa na kuulizwa kama anasikia adhana. Alipojibu ndiyo, akaambiwa aitike.

Wa pili ni Itban bin Malik (R.A.), ambaye macho yake yalikuwa yamedhoofika naye akiwa imamu wa kaumu yake. Mvua ikinyesha, bonde lililokuwa baina yake na msikiti lilijaa maji akashindwa kuvuka. Alimwomba Mtume (S.A.W.) aje nyumbani kwake aswali mahali ambapo yeye atapafanya kuwa pa kuswalia. Mtume (S.A.W.) akaenda, akaswali hapo. Imepokewa na Bukhari na Muslim.

Imamu Nawawi ameziunganisha Hadithi hizi mbili kwa kueleza kwamba Ibn Ummi Maktum hakulazimishwa jambo lililo juu ya uwezo wake, bali alielekezwa kwenye lililo bora zaidi. Dalili ni kwamba Itban aliruhusiwa. Nasi tunaongeza kwamba katika hali zote mbili mwenye udhuru ndiye aliyekuja kueleza haja yake, naye akasikilizwa yeye mwenyewe. Mmoja aliitwa aje msikitini, na mwingine msikiti ulimfuata nyumbani. Hakuna aliyesahauliwa.

Wa tatu ni Amr bin al-Jamuh (R.A.), aliyekuwa na kiguru kikubwa. Vita vya Uhud vilipokuja mwaka wa 3 Hijria (625 Miladia), wanawe walitaka kumzuia asitoke wakisema kwamba Mwenyezi Mungu amekwisha mpa udhuru. Yeye akaenda kushtaki kwa Mtume (S.A.W.), akieleza kwamba anatamani kuikanyaga Pepo kwa mguu wake huo huo wenye kiguru. Mtume (S.A.W.) akamwambia kwamba kweli jihadi si lazima juu yake, kisha akawageukia wanawe akawaambia wasimzuie. Akatoka, akafa shahidi.

Wana wale hawakuwa watu wabaya. Walimpenda baba yao, na hukumu ya udhuru waliyoitaja ilikuwa sahihi. Kosa lao lilikuwa kuichukua rukhsa ya mtu mwingine wakaigeuza kuwa kamba ya kumfungia. Wangapi leo katika familia zetu wanafanya vivyo hivyo kwa mapenzi? Binti kiziwi hapelekwi madrasa kwa kuwa ataonewa. Kijana aliyepooza haozeshwi kwa kuwa ataaibika. Mzee asiyeona haulizwi rai katika mambo ya ukoo kwa kuwa amekwisha pumzishwa.

UONGOZI NA ELIMU

Kuna wanaodhani kwamba kipofu hafai kuswalisha kwa kuwa hawezi kujikinga na najisi. Katika madhehebu ya Shafi, nassi ya Imamu mwenyewe ni kwamba kipofu na mwenye kuona wako sawa katika uimamu. Anayeona ana sifa ya kujihadhari na najisi, na kipofu ana sifa ya kutoshughulishwa na anayoyaona, hivyo khushuu yake ni kubwa zaidi. Kinachotazamwa ni fiqhi na usomaji.

Historia ya elimu yetu inathibitisha hilo. Ataa bin Abi Rabah, mufti wa Makka aliyefariki mwaka 114 Hijria (732 Miladia), ametajwa na waandishi wa tarehe kuwa alikuwa mweusi, kiguru na aliyepooza, mwenye chongo, na mwishowe akapofuka kabisa. Pamoja na hayo, katika zama za Bani Umayya ilikuwa ikinadiwa siku za Hija kwamba asitoe fatwa mtu mwingine ila Ataa. Katika Msikiti wa Al-Azhar, Cairo, kulijengwa katika karne ya 18 Miladia zawia maalumu ya wanafunzi wasioona, yenye wakfu wake. Na katika zama zetu, Sheikh Abdul-Aziz bin Baz, aliyekuwa Mufti Mkuu wa Saudia kuanzia mwaka 1993 hadi alipofariki mwaka 1999, alipoteza uoni kabisa akiwa kijana.

Katika siasa za nchi yetu pia tuna mfano. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua ndugu Salum Khalfani Bar'wani kuwa mbunge wao, akawa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa jimboni katika Tanzania.

MASUALA YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

1. Kiti cha magurudumu kuingia msikitini. Baadhi ya wasimamizi wa misikiti hukizuia kwa hofu ya najisi. Jibu ni kwamba asili ya vitu ni tohara mpaka ithibiti kinyume chake. Mafakihi wetu wamesema kwamba tope la barabarani, hata lenye najisi yenye kujulikana, husamehewa kwa kiasi ambacho ni vigumu kujiepusha nacho. Pamoja na hayo msikiti hauchafuliwi, kwa hivyo magurudumu yafutwe au yaoshwe mlangoni, au msikiti uweke kiti chake safi cha ndani, au utandike mkeka maalumu. Ama kuzuia kabisa, tukumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) alitufu Al-Kaaba juu ya ngamia, na alimruhusu Ummu Salama (R.A.) alipokuwa mgonjwa atufu akiwa amepanda mnyama nyuma ya watu. Ikiwa ngamia aliingia katika Msikiti Mtukufu kwa haja, gurudumu la mpira lililofutwa lina tatizo gani?

2. Kuswali kwa kukaa. Imran bin Husain (R.A.) alikuwa na bawasiri, akaambiwa aswali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa ubavu. Asiyeweza kusujudu huinama kwa kadiri awezavyo, na huifanya sijda yake iwe chini kuliko rukuu. Swala yake ni kamili, na malipo yake hayapungui kwa udhuru huo.

3. Udhu wa aliyekatika kiungo. Huosha sehemu iliyobaki katika mahali pa faradhi. Ikiwa mkono umekatika juu ya kiwiko, ni sunna kuosha sehemu ya juu iliyobaki. Asiyeweza kujitawadhisha inampasa atafute wa kumsaidia, hata kwa ujira wa kawaida ikiwa anao. Hapa pia sheria imemwona mtu na msaidizi wake pamoja. Basi bomba la udhu lililowekwa mahali ambapo aliyekaa hawezi kulifikia ni jambo la kurekebishwa na msikiti.

4. Kiziwi na khutba. Mkalimani wa Lugha ya Alama akikaa mbele ya viziwi na kuwafasiria khutba, je, huo ni upuuzi unaokatazwa? Kilichokatazwa ni mazungumzo ya kushughulisha watu na khutba. Kufasiri ni kuifikisha khutba kwa asiyeisikia, na ishara si maneno. Imepokewa kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya Kiyama wakati wa khutba, na watu wakamwashiria anyamaze, nao hawakukatazwa ishara yao.

5. Ishara ya bubu katika mikataba. Kanuni iliyokubaliwa ni kwamba ishara ya bubu inayofahamika huchukua nafasi ya tamko la ulimi. Imamu Suyuti ameizungumza katika Al-Ashbah wan-Nadhair, na dola ya Uthmaniya iliiandika katika kifungu cha 70 cha Majalla yake ya sheria. Kwa hivyo bubu huuza, hununua, huoa na huacha kwa ishara yake inayofahamika. Anayemsemea bila kumwuliza amemdhulumu.

MALI: MIRATHI NA ZAKA

Dhuluma iliyofichika zaidi ni ya mali. Hutokea ndugu wakagawana shamba la baba, wakamwacha mwenye ulemavu kwa hoja kwamba yeye atalishwa. Katika ilimu ya mirathi vizuizi vinavyotajwa ni utumwa, kumuua mwenye kurithiwa na kutofautiana kwa dini. Upofu, uziwi na kupooza havimo. Fungu lake ni lile lile walilopata ndugu wa daraja yake. Akiwa hawezi kulima, shamba ni lake na atalikodisha. Hata asiye na akili timamu hurithi, na walii wake humhifadhia mali kwa amana. Kumlisha mtu kwa mali yake mwenyewe kisha kuita hisani ni kula mali kwa batili.

Ama Zaka, tumezoea kuwapa watu hawa sarafu mlangoni. Mafakihi wa Kishafi wameweka kiwango cha juu zaidi. Fakiri na maskini asiyeweza kuchuma hupewa cha kumtosheleza umri wake wa kawaida, kwa mfano kwa kununuliwa mali itakayomwingizia mapato. Mwenye ufundi hupewa thamani ya zana za ufundi wake, ziwe chache au nyingi. Mwenye kujua biashara hupewa mtaji unaomfaa. Kwa msingi huo, cherehani ya fundi asiyeweza kutembea, au mtaji wa genge la asiyeona, ni Zaka iliyofika mahali pake. Ikiwa Zaka za mji zitakusanywa pamoja, mwaka huu wakatoka watu wawili mlangoni pa msikiti, na mwakani wawili wengine, baada ya miaka michache mlango ule utakuwa hauna waombaji.

Wala jambo hili halikuachiwa hisani ya mtu mmoja mmoja. Abu Yusuf katika Kitab al-Kharaj amepokea kwamba Khalifa Umar bin al-Khattab (R.A.) alimkuta mzee kipofu, Myahudi, akiomba milangoni. Akampeleka nyumbani kwake akampa kitu, kisha akamwagiza mtunza Hazina amwangalie yeye na walio mfano wake. Tabari naye ametaja kwamba Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala kuanzia mwaka 86 hadi 96 Hijria, aliwapa mafungu wagonjwa wa ukoma akawakataza kuomba watu, na akampangia kila aliyelemaa mtumishi na kila kipofu mtu wa kumwongoza. Yule mtu wa kumwongoza kipofu, ambaye mafakihi walimtaja baadaye kuwa ni sharti la Ijumaa, alilipwa na dola. Na kisa cha Umar kinatufundisha sisi wa miji yenye dini nyingi kwamba jirani mwenye ulemavu haulizwi dini kwanza.

SHERIA YA NCHI

Tanzania imepita katika safari inayofanana na maudhui yetu. Mwaka 1982 zilitungwa sheria mbili kuhusu walemavu, moja ya ajira na nyingine ya matunzo. Mwaka 2004 ikatoka Sera ya Taifa ya Maendeleo na Huduma kwa Watu wenye Ulemavu. Mwaka 2009 nchi ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006. Kisha ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, iliyochukua nafasi ya zile za 1982. Jina la matunzo limeondoka, na neno linalotawala ni haki. Sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu, na inataka majengo yanayotumiwa na umma yafikike. Msikiti ni nyumba ya umma kabla ya kuwa kitu kingine.

Vilevile, kwa sheria ya mwaka 2018, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na asilimia 2 katika hiyo ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kwa kuwa haina riba, Mwislamu hana sababu ya kuikimbia. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuwasaidia ndugu hawa kujaza fomu na kuunda kikundi.

MAJINA TUNAYOWAITA

Sura Al-Hujurat, aya ya 11, inakataza kuitana kwa majina ya kejeli. Wanazuoni wamefafanua kwamba sifa ya mwili inayotajwa kwa kumtambulisha tu, bila kudharau, inaruhusiwa. Ndiyo maana tunawakuta wapokezi wa Hadithi kama Al-Aamash, yaani mwenye macho mabovu, na Al-Aaraj, yaani kiguru. Lakini ikiwezekana kumtambulisha kwa jina lingine, hilo ni bora. Kwa Kiswahili chetu maneno mengi ya ulemavu yana kiambishi ki-, ambacho mara nyingi huashiria udogo au upungufu: kipofu, kiziwi, kiwete, kiguru. Tumeyatumia hapa pale ambapo maandiko ya fiqhi yanatulazimu. Katika maisha ya kila siku, huyo ni Mzee Fulani, ni Bi Fulani, ni Ustadhi Fulani. Jina lake analo.

NINI KIFANYIKE

Kwanza, kila msikiti katika Babati na vitongoji vyake uorodheshe Waislamu wenye ulemavu walio katika eneo lake, waulizwe wenyewe kinachowazuia, na vijana wa madrasa wapangwe kwa zamu kuwashika mkono siku ya Ijumaa.

Pili, pajengwe njia ya mteremko pembeni ya ngazi, pawekwe bomba moja la udhu la chini, na choo kimoja chenye mlango mpana. Mifuko michache ya saruji inatosha kuanza.

Tatu, madrasa zipokee watoto wasioona, ambao kwa kusikia huweza kuhifadhi Qur'an kama wenzao, na walimu wawasiliane na vyama vya watu wenye ulemavu, kama Chama cha Viziwi Tanzania, ili wajifunze Lugha ya Alama.

Nne, kwa ajili ya watoto watakaozaliwa, mapaa ya misikiti yawekewe mifereji na matangi. Maji ya mvua kwa kawaida yana floraidi kidogo mno. Tangi la wakfu la maji ya kunywa katika kijiji chenye kisima kibaya ni sadaka yenye kuendelea, kwani kila mguu ulionyooka kwa sababu yake utamwandikia thawabu aliyelijenga.

Ndugu Waislamu, Ijumaa ijayo adhana itasikika ndani na nje ya mlango kwa sauti moja. Aliyeko nje hana dhambi kwa kubaki pale, maana hajapata wa kumwongoza. Swali la fiqhi linabaki kwetu sisi tutakaompita.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuijua haki na kuitekeleza, na awape ndugu zetu nguvu, subira na heshima wanayostahiki.